Tuache Kuvisingizia Vipira

Hapa Mara hukumu imekwisha kutolewa na hakuna aliyekata rufaa. Inasema hivi: hedifoni za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, zile zenye vipira laini mwishoni, ndizo zinazoua masikio ya vijana, anayejali afya yake avae zile za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio na kuacha hewa ipite. Utaisikia kwa mwalimu wa nidhamu Bunda, kwa mama anayemkagua mwanawe kabla hajapanda basi stendi ya Bweri, kwa mzee mstaafu pale Butiama, na hata kwa muuza duka la dawa ambaye ungetegemea afikiri mara mbili. Wanaoipinga ni vijana wenyewe, nao wana hoja moja tu, tena mbovu: "Lakini zina besi."

Mimi naikatia rufaa. Hukumu hii imemfunga asiye na kosa na kumwachia mkosaji, na ushauri unaotokana nayo unaharibu masikio mengi kuliko unayoyaokoa.

Tuangalie kwanza hedifoni zinatumika wapi. Watu wa kwetu hawasikilizi muziki katika vyumba vilivyotandikwa mazulia. Wanasikilizia ndani ya haisi na mabasi, kwenye vibaraza vya maduka ya Nyasho, mwaloni Mwigobero wakati mitumbwi inashusha mzigo na mashine zinaunguruma, kwenye mabweni yaliyojaa watu. Chukua basi la Musoma kwenda Mwanza. Injini inatetemesha sakafu, madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, konda anaita abiria Makutano, anaita tena Kiabakari, na juu ya kichwa cha dereva runinga inapiga nyimbo ambazo hakuna aliyeziomba. Ndani ya gari la namna hiyo kelele inaweza kufika desibeli 80 na hakuna abiria atakayeshangaa. Sasa mvalishe kijana hedifoni za wazi, hizo zinazoitwa salama. Kelele yote ya gari inaingia sikioni pamoja na muziki wake. Ili ayasikie maneno ya wimbo, ni lazima wimbo uipite kelele. Atapandisha sauti. Gari likikolea mwendo baada ya Bunda na upepo ukianza kupiga dirishani, atapandisha tena, wala hatajua kwamba amepandisha, kwa kuwa masikioni mwake wimbo unasikika vilevile kama mwanzo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo ambacho kila mzazi angefaa kukijua. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4 kwa wiki nzima. Ikifika 100 zinabaki dakika 20. Hesabu hii haina huruma kwa sababu desibeli hazipandi kwa kujumlisha: kila zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni imeongezeka maradufu. Basi kijana wetu wa hedifoni za wazi, ambaye ameupandisha wimbo hadi 90 ili auzidi mngurumo wa gari, anakaribia kumaliza posho yake ya wiki kabla hajafika Mwanza. Safari ya kurudi ni deni. Na deni la sikio halilipiki, maana vile vinyweleo vidogo vya ndani kabisa vinavyoipokea sauti vikishakufa havioti tena.

Mvalishe kijana yuleyule hedifoni za vipira, na vipira viwe vimemkaa sawasawa. Kipira cha silikoni kinachoziba vizuri hupunguza kelele za nje kwa desibeli 15 hadi 25 hivi, na cha sponji hupunguza zaidi. Mngurumo ule wa 80 unamfikia ukiwa umenyongeka. Hana haja ya kushindana nao. Anasikiliza kwa sauti ya chini, anasikia kila neno, na anafika akiwa bado na saa nyingi mkononi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wataalamu wa usikivu wa Marekani, Brian Fligor na Terri Ives, waliwachukua wanafunzi 100 wa chuo kikuu na kuwapa aina mbalimbali za hedifoni wasikilize kwa sauti wanayoipenda wenyewe. Mahali pa kimya ni wachache mno walioongeza sauti hadi kiwango cha hatari. Walipowekewa kelele kama ya ndani ya ndege, asilimia 80 ya waliotumia hedifoni zisizoziba walivuka mstari wa hatari. Wanafunzi walewale, kelele ileile, lakini wakiwa wamevaa hedifoni za kuziba: asilimia 20. Mwenye kuitetea hukumu ya Mara na aje na jibu la namba hizi mbili kabla hajamnyang'anya mtoto hedifoni zake.

Najua jibu litakaloletwa, na lina sura ya ukweli. Watasema: kipira kinaingia ndani, kinaisogeza sauti karibu na ngoma ya sikio, kwa hiyo kinaumiza zaidi. Ni kweli kwamba spika iliyofungiwa ndani ya tundu la sikio huhitaji umeme kidogo kutoa sauti kubwa, kwa kuwa hewa inayosukumwa ni kidogo. Mtu akitoka kwenye hedifoni za wazi akachomeka za vipira bila kupunguza sauti, atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Lakini ngoma ya sikio haina futikamba. Haiulizi sauti imetoka umbali gani. Inapokea mtikisiko uliofika, mkubwa au mdogo. Desibeli 90 kutoka kwenye spika ya baa na desibeli 90 kutoka kwenye kipira ni zilezile. Na kitufe cha kupunguza kiko mkononi mwa msikilizaji. Kinachokosekana kwa mwenye hedifoni za wazi ni nafasi ya kukitumia, kwa sababu akipunguza, wimbo unazama kwenye kelele.

Tena ni vizuri kujua hivi vitu vilitoka wapi. Mwaka 1983 Mmarekani Mead Killion alianzisha kampuni ya Etymotic Research katika jimbo la Illinois, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa vifaa vya kupimia usikivu: spika ndogo zenye sponji ya kuziba sikio, ambazo wapimaji huwachomekea wagonjwa ili kelele za chumbani zisiingilie kipimo. Mwaka 1991 kampuni hiyohiyo ikatoa ER-4, hedifoni ya muziki iliyojengwa juu ya maarifa yaleyale. Kwa maneno mengine, kitu tunachokiita muuaji wa masikio ni mtoto wa chumba cha daktari wa masikio. Watu waliokibuni walikuwa wanalijua sikio kuliko mimi na wewe na mwalimu wa nidhamu kwa pamoja.

Sasa niwageukie mashabiki wa besi, maana nao hawajui kwa nini wanashinda ubishi.

Nenda barabara ya Mukendo, simama mbele ya meza yoyote ya vifaa vya simu, uliza hedifoni nzuri ni ipi. Utaonyeshwa boksi lenye moto, radi na fuvu la mtu, limeandikwa kwamba besi yake ni ya kupitiliza. Au utaonyeshwa "AKG". Samsung ilikamilisha ununuzi wa Harman, mwenye jina la AKG, Machi 2017, na simu yake ya Galaxy S8 ya mwaka huo ikaja na hedifoni zenye jina hilo ndani ya boksi. Tangu hapo jina limezaa kuliko sungura. Sisemi zote ni mbaya. Ziko feki zinazopiga vizuri na ziko orijino zinazochosha. Ninachosema ni kwamba muuzaji na mnunuzi wanabishana juu ya jina na besi huku kitu kinachoamua besi yenyewe kimefungwa kwenye kimfuko cha nailoni ndani ya boksi: vile vipira vya akiba, vidogo na vikubwa, ambavyo wengi huvitupa pamoja na karatasi ya maelezo.

Besi ya hedifoni hizi inatokana na kuziba. Spika yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Haiwezi kusukuma mawimbi mazito hewani. Inaweza tu kuusukuma ule mfuko mdogo wa hewa uliofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo hata wa unywele, besi ndiyo ya kwanza kutoroka, na kuongeza sauti hapo ni kama kupuliza tairi lenye pancha. Ndiyo maana watu wawili huazimana hedifoni moja, mmoja akaapa kuwa ni bomu, mwingine akairudisha akisema inalia bati tupu. Wote wamesema kweli. Masikio yao hayalingani, na kipira ni kimoja.

Jaribio lake halihitaji fundi. Chomeka, weka wimbo unaoujua, kisha zikandamize hedifoni kidogo kwa vidole kuelekea ndani. Besi ikiruka ghafla na kurudi ulipoachia, kipira hakikufai, badilisha. Anza na kilicho kikubwa kuliko ulichodhani. Usishangae sikio la kushoto likataka cha kati na la kulia kikubwa, kwani watu wengi tundu zao hazilingani, na hakuna sheria inayokukataza kuvaa saizi mbili. Namna ya kuchomeka nayo ina maana: pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili, livute kidogo juu na nyuma huku umeachama mdomo, ndipo usukume. Tundu hunyooka, kipira kikaingia, ukiachia kinajifunga chenyewe. Mura anayesukuma tu kwa kidole gumba kama anabandika stempu atalaumu kampuni maisha yake yote.

Kutoka hapo hedifoni ya bei ndogo yenye kipira kilichokaa itaishinda ya bei mara kumi yenye kipira kinachovuja. Wanaosema ubora wa sauti unanunuliwa kwa noti wakumbuke hilo kabla hawajaingia dukani. Pesa zina kazi yake, ila zinaanza kuhesabiwa baada ya kuziba, na kama bajeti ni finyu, ni heri kununua ya kawaida kisha ukatafuta vipira vizuri. Vya sponji si rahisi kuvikuta mezani Musoma. Ukipata mtu anakwenda Mwanza au Dar, mwagize. Huminywa kwa vidole, vikaingizwa, vikatanuka taratibu na kujaza tundu. Vinachafuka haraka na vinachakaa, hiyo ndiyo dosari yake, lakini kwa safari ya basi sijaona mfano wake.

Na uzijaribu kwa kitu gani? Wauzaji watakuwekea wimbo mpya wa Bongo Fleva uliopikwa ili usikike hata kwenye spika ya bodaboda, na kila hedifoni duniani itaupiga vizuri. Mimi napendekeza vitu viwili vya hapahapa. Cha kwanza ni ritungu la Kikurya. Zeze hilo kubwa la nyuzi 8 lina sauti nzito inayotoka tumboni mwa chombo, na juu yake kuna mlio mkavu wa uzi kuguswa, kisha sauti ya mwimbaji. Hedifoni iliyovimba besi hugeuza nyuzi zote kuwa ngurumo moja. Inayovuja hubakiza mlio mkavu peke yake, kama chombo hakina tumbo. Ukizisikia nyuzi na tumbo kwa wakati mmoja, umepata.

Cha pili ni hotuba za Mwalimu Nyerere. Zimejaa kwenye kadi za simu mkoa mzima, na pale Butiama alikozaliwa mwaka 1922 utawakuta wazee wakizisikiliza kwenye redio ndogo saa yoyote. Nyingi ni rekodi za zamani zenye mikwaruzo. Sauti ya mtu anayezungumza haikai kwenye besi. Maana ya maneno imebebwa na herufi kama s, t, k, ambazo ziko juu. Hedifoni yenye besi ya kupitiliza inaufunika ukingo wa maneno hayo, msikilizaji anaongeza sauti ili ayadake, na tumerudi kulekule kwenye hatari. Kwa hiyo besi iliyovimba na kelele ya nje zinafanya dhambi ileile: zote mbili zinaficha kile unachotaka kukisikia, na dawa unayoikimbilia ni kitufe cha kuongeza. Mzazi anayetaka kuwa mkali awe mkali hapo.

Lakini zinaumiza, wanasema. Zinauma, naam, zikiwa na saizi isiyo yako. Kipira kikubwa mno hubana kuta za tundu, na baada ya saa moja unatamani kukitupa. Kidogo mno hukufanya ukisukume ndani kila dakika, hadi mdomo mgumu wa plastiki unagusa ngozi. Maumivu hayo hayana uhusiano na kuziba. Ni kiatu cha mtu mwingine mguuni mwako. Kuna kero nyingine ambayo siwezi kuikana: ukiwa umeziba masikio unasikia hatua zako, kutafuna kwako, na waya ukigusa shati unasikika kama mtu anakwangua mlango. Wengi huziacha kwa sababu hiyo wiki ya kwanza. Waya ukipitishwa juu ya sikio na kushuka nyuma ya shingo, mkwaruzo unapungua sana. Hatua zako utazizoea, au usitembee ukiwa umevaa hedifoni, jambo ambalo ni jema kwa sababu nyingine ninayoifikia sasa hivi.

Kwanza neno kuhusu herufi ANC zinazoanza kuonekana kwenye maboksi. Ni teknolojia ya kweli: vipaza sauti vidogo vinasikiliza kelele na spika inatoa mawimbi ya kuipinga. Amar Bose alianza kuifikiria akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na hedifoni za marubani zikaingia sokoni mwaka 1989. Inafanya kazi hasa kwenye mngurumo mzito wa injini, mahali ambapo vipira ni dhaifu kidogo. Ila kipira kikivuja, nayo inakwama. Na herufi tatu zilizochapwa kwenye boksi la bei ya sahani ya wali hazizibi kitu.

Sasa nikiri pale wapinzani wangu wanapokuwa na haki, maana zipo sehemu tatu na ni nzito. Barabarani hedifoni za kuziba ni hatari. Barabara kuu inapita katikati ya mji wa Bunda, malori ya kwenda Sirari hayapunguzi mwendo kwa ajili ya nyimbo zako, na dereva wa bodaboda mwenye vipira masikioni anafaa kushushwa na abiria wake. Pili, sikio linalotoka usaha au linalowasha lisizibwe hata kidogo. Joto na unyevu vikifungiwa humo ugonjwa unanona. Tatu, kuazimana. Bwenini hedifoni moja huzunguka masikio kumi, kila moja na nta yake. Kila mtu awe na vipira vyake, avivue, avioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, avikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha. Hoja hizi tatu nazipokea zote. Hakuna hata moja inayosema hedifoni za wazi ni salama ndani ya basi.

Linalonikera zaidi ni kwamba ukali wetu wote umeishia kwa mtoto. Yule anayeshinda kwenye mashine ya kusaga unga, mita moja kutoka kwenye mota, hana hata pamba masikioni. Wachimbaji wadogo wa Buhemba wanasimama kando ya karasha zinazovunja mawe, siku hadi siku, na hakuna mzee anayewaambia watakuwa viziwi uzeeni. Hao hawahitaji muziki masikioni, wanahitaji vizibo vya kazini, vya sponji ileile ninayoitetea hapa. Gari la matangazo linapita mtaani na spika nne juu ya paa. Ukumbi wa harusi unawakalisha watoto mbele ya maspika yenye urefu wa mtu hadi usiku wa manane, na wazazi walewale wanaopiga marufuku vipira ndio wanaocheza mbele ya maspika hayo. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya sheria ya mazingira. Sijaona mtu akizitaja kwenye kamati ya harusi.

Kwa hiyo wauza vifaa wa Mukendo na Bunda, fungueni boksi mbele ya mteja, toeni vile vipira kwenye nailoni, mwacheni ajaribu saizi zote, kisha mvifute kwa spiriti kabla ya mteja anayefuata. Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao na hedifoni, usiangalie kwanza kama zina vipira. Mwambie azivae, acheze wimbo kama anavyousikiliza siku zote, kisha zichukue uziweke kwenye masikio yako. Ukiona sauti ni kali, mpunguzie. Akikwambia akipunguza hasikii kitu, mnunulie vipira vya saizi yake.